Uzito wa Gunia

Dundee, Novemba, taa zimewaka tangu saa kumi.
Jengo letu lilikuwa kiwanda cha juti;
ghorofa ya tatu ingali na kulabu darini
na vumbi la kahawia
ambalo mfagiaji lilimshinda, akalisamehe.

Hapa walishona magunia.
Sisi tunashona kiini cha mfumo endeshi,
sehemu ya ndani kabisa, isiyoonekana,
inayogawa kumbukumbu ya mashine
kama karani wa viwanja: huu wako, ule wa jirani,
usivuke.

Murdo amesogeza kiti. Anataka uga mmoja uongezwe.
"Baiti nane," asema. "Nane tu."
Ninaiogopa hiyo *tu*.

Kwani kila ukurasa wa kumbukumbu,
baiti elfu nne na tisini na sita,
una kadi yake: nani anautumia,
wangapi wanaushikilia, umechafuka au safi.
Kadi ni baiti sitini na nne. Si nyingi.
Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema.
Hawakusema daftari huandikwa wapi.
Juu ya mali ileile.
Mashine ya gigabaiti sitini na nne
hutoa moja nzima, kabla mtu hajafungua hata barua,
ili ikumbuke kwamba inazo.

Baba alikuwa mpima korosho, ghala la ushirika, Newala.
Gunia likipanda mizani alisoma sindano,
akatoa kilo moja, "ya gunia",
na wakulima wakaitazama kilo ile
ikiondoka kama mgeni asiyeaga.
Siku moja Bi Somoe Nantanga alikung'uta gunia lake,
akaliweka mizanini tupu:
robo tatu.
Ghala zima kimya.
Baba akaandika robo tatu. Kesho yake
alipima magunia matupu yote, moja moja, hadi magharibi,
na mwenyekiti hakumsalimu mwezi mzima.

Napiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya gesi.
Kurasa milioni kumi na sita na ushei, mara nane:
megabaiti mia na ishirini na nane.
Tena, sitini na nne huingia barabara
katika mstari mmoja wa kache,
mguu na kiatu chake. Sabini na mbili
huacha kisigino nje; kila swali
litaipeleka prosesa dukani mara mbili.
"Kumbukumbu ni rahisi siku hizi," asema Murdo.
Bi Somoe naye angeambiwa robo kilo ni rahisi.

Saa mbili usiku. Ukungu wa Tay umemeza daraja.
Naisoma kadi upya, uga kwa uga.
Wa tano huamka tu ukurasa ukiwa huru,
kuushikisha mkono huru mwenziwe foleni.
Wa Murdo utaamka tu ukurasa ukiwa na mwenyewe.
Hazitakutana kamwe.

Mwaka wangu wa kwanza hapa, mtaa wa Hilltown,
tulikodi kitanda kimoja, mimi na Perpetua:
yeye zamu ya usiku hospitalini, mimi mchana darasani.
Nililalia joto lake.
Tuligombania mto kwa vikaratasi.
Kitanda hakikurefuka hata inchi.

Basi nazilaza nyuga mbili mahali pamoja,
na mlangoni biti moja, niliyoikuta haina kazi,
iseme nani yumo.
Siku mtu atasoma bila kubisha hodi
atamkuta asiyemtarajia.
Naliandika onyo hilo kwa herufi kubwa.

Mashine ya majaribio inaamka, inajihesabu.
Kadi: sitini na nne.
Murdo anaguna; kwake hayo ni makofi.

Nazima taa, nashuka ngazi za chuma.
Ile robo tatu naikumbuka, na vumbi la korosho,
na kalamu sikioni.
Sauti ya baba akisoma sindano, sina.
Ilikuwapo. Nimebisha hodi mara kadhaa;
anaitika mwingine,
na sijui nilimlaza lini.